Shetani Niliyemweka Alinde Kiwanja cha Akiba

Nyinyi vijana mnaofanya kazi kiwanja cha ndege siku hizi, mnaovaa vizibao vya kung'ara na kusema na vidude vya kifuani, nimesikia mnaulizana: huyu Mzee Faki zamani alikuwa akifanya nini hasa? Mmoja wenu kajibu kwamba nilikuwa nikifukuza ng'ombe. Hakusema uwongo. Ng'ombe nimewafukuza, na wao wamenifukuza. Lakini kazi yangu khasa, miaka ile michache kabla ya Mapinduzi, ilikuwa kutafuta na kutunza mahali pa kutua ndege ambapo ndege haikukusudia kutua. Nimeamua kuiandika mwenyewe. Skuli nilisoma madarasa mawili, la tatu nililiona kwa dirishani, kwa hivyo mkiona nimeanza na habari moja nikatokea kwenye nyengine, nivumilieni, nitarudi.

Kila rubani anayeruka ana viwanja viwili kichwani. Kimoja cha kwenda, kimoja cha kukimbilia. Na mafuta yake yana mafungu matatu: fungu la kumfikisha aendako, fungu la kumtoa huko kumpeleka kwengine akikuta pamefungwa, na fungu la kuzungukazunguka juu huku akitafakari. Fungu la tatu likianza kuliwa, chini huku watu huanza kusoma dua. Hicho kiwanja cha pili tulikiita kiwanja cha akiba. Ni kama saanda anayojiwekea bi kizee sandukuni. Haombi kuitumia leo wala kesho, lakini siku ikitakiwa haifai kukuta panya washaitafuna.

Aliyenifunza kazi ni Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Kamba, kwa sababu hakwenda mahali bila kamba yake ya kupimia. Hata akikaa kula alipima meza kwa macho. Mimi nilikuwa mkata nyasi kiwanja cha Chake, Pemba. Siku moja alikuja akauliza nani anajua ardhi ya kisiwa hiki. Wenzangu wote wakanitazama mimi, si kwa sababu najua ardhi, bali kwa sababu ndiye niliyekuwa nimelala.

Kosa langu la kwanza nililifanya Wambaa. Tulifika pwani asubuhi maji yametoka, mchanga mgumu, umenyooka kama meza. Bwana Kamba alifurahi nusura acheze. Tukapima, tukachomeka vigingi vyeupe, tukapima tena. Jua lilipopanda akakaa kwenye Land Rover kuandika. Mimi nilikaa karibu nikitazama maji yanavyorudi. Nilisema moyoni, mtu mwenye kofia kubwa namna ile na ramani tatu, bila ya shaka anajua kwamba bahari hurudi. Ilipofika alasiri samaki changu walikuwa wakipita baina ya vigingi, na sisi tulikuwa kiunoni ndani ya maji tukisukuma gari.

"Faki! Kwa nini wewe hapana sema?"

"Bwana, nilidhani ndege yenyewe ni zile za kutua majini."

Alicheka mpaka akashika bodi ya gari. Tokea siku ile alinitaka nimwambie kila ninaloliona, hata kama la kijinga. Nanyi nakuambieni hivyo hivyo: mkubwa wako akiwa hajui kuwa bahari hurudi, mwambie kabla haijarudi.

Baada ya hapo nilijifunza kazi kwa kisigino. Unapiga ardhi kisigino, unasikiliza. Ikijibu "pu", ondoka. Ikijibu "ko", endelea. Halafu unatafuta bibi wa kijiji, mkubwa kuliko wote, unamuuliza mvua ya masika maji hukaa wapi. Usiulize wanaume, watakwambia maji hayakai popote, kwa sababu wanataka kiwanja kiwe kwao. Halafu minazi. Rubani hushuka kwa mteremko, hadondoki kama embe, kwa hivyo mnazi uliopo mwisho wa kiwanja lazima uujue urefu wake. Bwana Kamba aliupima kwa kivuli na hesabu. Mimi niliupanda na kamba. Tukilinganisha, tulipishana kwa shibiri moja tu, na mimi nilishuka na dafu. Na jambo la mwisho ni gari. Akishaona mahali panafaa aliliendesha Land Rover mbio kutoka mwanzo hadi mwisho, mimi nimekaa nyuma. Nikishuka bado kofia ninayo kichwani, ardhi imefaulu.

Kofia yangu ilibaki kichwani Pujini. Palikuwa na uwanda mzuri ng'ambo ya mashamba, ardhi ya mchanga mgumu, umelala kufuata upepo, ukija kusi ndege inaingia huku, ukija kaskazi inaingia kule. Mabibi watatu, kila mmoja nilimuuliza peke yake, waliniambia maji hayakai. Tukapaka mawe chokaa, tukayapanga pembeni, tukasimamisha mlingoti na soksi ya upepo. Msioijua, ile ni kama mguu mmoja wa suruali, mwekundu na mweupe, upepo ukiingia hufura na kuonesha unakokwenda. Bwana Kamba akaniambia:

"Sasa kazi yako ni kulinda. Mimi nitapita juu na ndege, siku yoyote. Nikiona kitu kimoja chini, hata jamvi moja, nafuta Pujini katika kitabu. Na wewe rudi kata nyasi."

Nikapewa suti ya kaki na baiskeli. Mnajua mtu aliyekuwa akikata nyasi akipewa suti ya kaki anavyokuwa. Nilipita sokoni Chake mara mbili bila ya haja. Kurudi kwenye nyasi nisingeweza, bora wangenizika.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penye taabu. Karafuu ikishachumwa na kutolewa makonyo, vile vijiti vyake, inataka kuanikwa, na kuanika kunataka jua, na uwanda, na mahali kuku hawafiki. Na Pemba nzima, katika msimu, mtu haoni ardhi tambarare ila ataiona ina majamvi. Wameanika barabarani, wameanika uani kwa msikiti, na mwaka ule walipouona uwanda wa Pujini umesafishwa na kufyekwa vizuri vile, walimshukuru Mungu na serikali, wakaja na majamvi yao.

Wa kwanza alikuwa Bi Mize. Na Bi Mize ni mkwe wangu, mama wa mke wangu.

Nyinyi wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu mkitazama televisheni. Enzi zetu, mkwe ukimwona njiani unashuka baiskeli, unatazama vidole vya miguu yako, na akikuuliza unajibu kwa sauti ya mgonjwa. Kumwambia mkwe "ondosha karafuu zako" ni sawa na kumtia kofi. Nilisimama mbele yake na kaki yangu, nikaangalia vidole vyangu.

"Faki mwanangu," akaniambia huku akitandika jamvi la nne, "hicho kitambaa chekundu na cheupe juu ya mti, umekiweka cha nini?"

Hapa kwetu, mtu akiona kitambaa chekundu na cheupe kimetundikwa mahali pa upweke, hudhani pale ni mzimuni. Niliona dua zangu zimejibiwa.

"Mama," nikasema, "bora nikwambie ukweli. Pale pana shetani. Mzungu alimkuta wakati wa kupima, gari likazimika mara tatu. Ndio kamtundikia kitambaa. Hataki kukanyagwa, na harufu ya karafuu haipendi hata kidogo."

Bi Mize alikunja majamvi manne kwa muda ambao wewe ungekunja leso. Kufika magharibi habari imeshaenea hadi kisiwa cha Makoongwe.

Wallahi sikupata tena kuona kiwanja kilicho wazi kama kile. Hapana jamvi, hapana mbuzi, hapana mtoto wa mpira. Bwana Kamba akapita juu na ndege, akarudi akanishika mkono. "Faki, unafanya namna gani?" Nikamwambia, "Kwa maneno mazuri, Bwana."

Basi watu wakaanza kuleta vitu. Kwanza ubani na mayai, juu ya chano cha mti. Mayai niliyachukua ili yasije yakavutia kenge, kisha nikayala ili yasioze, na Mungu anisamehe. Watu walipoona chano kitupu asubuhi walisema shetani kapokea, wakaleta zaidi. Wakamwita mganga, Mzee Kombo, aje atambue ni shetani wa kabila gani. Mzee Kombo alikizunguka kiwanja kwa mbali na kitabu chake, akatoa hukumu kwamba huyu ni shetani wa Kizungu, aliyekuja na gari, anataka chai ya maziwa na biskuti. Nilimpenda sana Mzee Kombo siku ile. Kila Alkhamisi Bi Mize mwenyewe alikuwa akileta mkate wa kumimina, akauweka mpakani, akarudi nyuma bila ya kugeuka. Kaki yangu ilianza kunibana.

Wao, kwa heshima zao, wakaona si vizuri shetani wa serikali anyeshewe. Siku mbili nilizokwenda Chake kwa shughuli, walimleta Mzee Kombo akasoma, akafukiza ubani, akawaombea ruhusa ya kuingia mara moja tu. Nilirudi nikakuta katikati ya kiwanja pana kibanda. Boriti nne za mkoko, makuti juu, na chini mawe yamepangwa kama kizimba, kila jiwe la kubebwa na watu wawili. Na soksi yangu ya upepo wameigawana vipande kwa hirizi, umebaki mlingoti na uzi.

Nilijua la kufanya. Nilitakiwa nikiri siku ile ile. Nikasema nitakiri kesho. Kesho ilikuwa Alkhamisi.

Ijumaa baada ya sala, mvua za vuli zikiwa zimekamata, Karani Seif alinipigia kengele ya baiskeli nyumbani kwangu. Huyu Seif ndiye aliyekuwa akishika redio kiwanja cha Chake, kwao ni Wamanga, Waarabu wa zamani, lakini Kipemba chake kilimshinda hata bibi yangu. Alikuwa anatoka jasho katikati ya mvua.

"Faki, ndege ya asubuhi imezama gurudumu Chake, katikati ya njia, haiendi mbele wala nyuma. Na ya pili iko juu. Unguja kumefunga, Tanga kumefunga. Watu wanane na rubani. Nimempa Pujini. Pujini pako wazi?"

Nilimtazama vidole vya miguu.

"Faki, nakuuliza. Nimeshamwambia rubani pako wazi. Kila siku unaniandikia pako wazi!"

"Ana muda gani?"

"Nusu saa. Labda na vidakika vyengine."

Sijapata kuendesha baiskeli vile. Niliteremka Pujini miguu iko juu, breki sina, nasoma kila aya niliyojaaliwa kuihifadhi, na si nyingi. Watu wanane. Niliwaona mbele ya macho yangu wote wanane, wamekaa na vifurushi vyao magotini, wakidhani huku chini kuna mtu mwenye akili.

Nilifika nikaanza kupiga kelele. Watu walikuwa bado wamekaa barazani msikitini, wengine wako uani wanachambua karafuu, wakaja mbio. Wakafika kwenye mawe ya chokaa, wakasimama kama waliofika ufukweni.

"Jamani ingieni! Tuvunje kibanda, ndege inakuja, ina watu!"

Hapana aliyeinua mguu. Mmoja akasema, "Mwambie shetani wako ahame kwanza."

"Hapana shetani! Nilisema uwongo! Nilitunga mimi, msije mkaanika karafuu!"

Nikaingia, nikarukaruka juu ya ardhi ile, nikapiga kibanda mateke, nikasukuma jiwe likakataa hata kutikisika. Nikageuka kuwatazama. Walikuwa wananitazama kwa huruma.

"Masikini," nikamsikia mwanamke mmoja anasema, "keshampanda kichwani."

Mzee Kombo akatikisa kichwa. "Ndivyo wafanyavyo. Humpanda mtu wakamsemesha kuwa wao hawapo. Mshikeni asijiumize. Na chai ya maziwa ichemshwe."

Wakati ule ndipo tuliposikia mlio. Ndege zile zilikuwa za mbawa mbili mbili, mbao na kitambaa, zikilia kama cherehani. Ikatokeza chini ya mawingu, ikapita juu yetu, ikaona kibanda, ikapanda tena. Ikaanza kuzunguka. Nami nikajua sasa rubani analila fungu la tatu.

Nilimwendea Bi Mize. Alikuwa amesimama mbele ya wenziwe, kanga kichwani. Na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe, nilimtazama usoni.

"Mama, nilidanganya kwa sababu nilishindwa kukwambia uondoshe majamvi. Mayai nimekula mimi. Biskuti nimekula mimi. Mkate wako kila Alkhamisi nimeula mimi, nyuma ya ule mchongoma pale."

Akasema polepole, "Kama ni weye Faki na si yeye anayesema, niambie mkate wa jana nilitia zabibu?"

Ndege ikapita tena, chini zaidi.

"Hukutia zabibu, mama. Ulitia iliki. Na chini uliungua."

Hata Mzee Kombo alishusha kitabu.

"Ati nini?"

"Uliungua, mama. Wa Alkhamisi ya nyuma uliungua zaidi. Niliukwangua kwa kisu."

Bi Mize aliitoa ile kanga kichwani, akajifunga kiunoni fundo mbili.

"Shetani gani asiye na adabu ya kula na kunyamaza!" akasema kwa sauti iliyovuka uwanda wote. "Miaka ishirini napika mkate, hapana jini wala binadamu aliyenambia umeungua! Huyu si shetani, huyu ni mkwe wangu huyu, namjua kwa ubaya wake!" Na akavuka mawe ya chokaa, akaingia kiwanjani anapiga miguu kama anayekanyaga siafu. Akafika kwenye kibanda, akang'oa kuti la kwanza, akanitupia. "Mnatazama nini nyie? Watu wanane wako juu, na huyu shetani wenu anakula mkate kwa kisu!"

Wakaingia wote. Sijui kama mmewahi kuona watu waliokuwa wakiogopa kitu kwa miezi wakigundua kwamba walikuwa wakikiogopa bure. Hawavunji, wanalipiza. Boriti zikaruka. Mawe yale ya kubebwa na watu wawili yalibebwa na mmoja mmoja. Mzee Kombo, nampa haki yake, alibeba matatu, na kila moja alilisomea kwanza.

Kibanda kikaisha. Lakini soksi ya upepo haipo, na rubani hawezi kutua bila kujua upepo unatoka wapi, utamsukuma kwa nyuma atokomee mashambani. Nikakumbuka neno la Bwana Kamba, kwamba hapana soksi iliyo bora kuliko moshi. Nikayakusanya makuti pembeni ya kiwanja. Ya juu yameloa, ya chini yalikuwa makavu, maana walimwezekea shetani vizuri. Bi Mize akaleta makaa kwenye kigae. Moshi ukanyanyuka mweupe, ukalala upande mmoja. Ndege ikauona. Ikazunguka ikaja kwa ule upande unaotakiwa, ikapita juu ya mnazi nilioupanda kwa kamba, ikagusa, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikaja mpaka mbele yetu ikanyamaza.

Mlango ukafunguka. Wa kwanza kushuka alikuwa bwana mmoja mnene wa Wete, mwenye duka, ameshika kofia na tasbihi kwa mkono mmoja.

"Hapa ndipo kiwanjani?" akauliza.

"Ndipo," akajibu Bi Mize. "Karibu. Na jihadhari na karafuu, jua likitoka tu tunarudisha majamvi."

Rubani akanishika mkono, akautikisa. Kisha akaenda kukaa chini ya bawa akaomba maji. Ile chai ya maziwa ya shetani ilikuwa imeshachemka, akanywa vikombe vitatu.

Siku ya pili Bwana Kamba akaja. Nilimweleza yote, kwa sababu Karani Seif alishasema atayaeleza yeye nisipoyaeleza mimi. Nilivua kofia nikangoja kurudishwa kwenye nyasi. Majamvi yalikuwa yametapakaa kiwanja kizima, jua limetoka, watu wanageuza karafuu zao kama hapana lililotokea. Hata aibu hawakunionea.

Bwana Kamba alitazama saa yake. Akauliza watu, si mimi: "Kama ndege inakuja sasa, nani anaweza kufanya hapa wazi kwa robo saa?"

Hawakuulizana. Wote walimwonesha Bi Mize.

Akamfuata akamsalimia kwa heshima, wakazungumza. Wakakubaliana: karafuu zianikwe, lakini majamvi yawe yale ya kukunjika upesi, na kila mwenye jamvi awe na mtu wake karibu. Kitabuni, pale panapoandikwa mlinzi wa kiwanja, aliandika jina lake Bi Mize. Mimi nilibakishiwa kaki na baiskeli, niwe nikileta habari kutoka Chake, yeye akapewa filimbi. Nimefanya kazi chini ya mkwe wangu miaka yote iliyobaki ya Pujini, na ndege mbili nyengine zilitua pale salama. Kwa hivyo mnapokaa na ramani zenu kuchagua mahali pa ndege kukimbilia, pimeni ardhi, pimeni minazi, na kisha ulizeni ni nani hapo anayesikilizwa. Msijiandike wenyewe kwa sababu mmevaa kaki.

Bwana Kamba alitaka ajaribu filimbi papo hapo, huku ameshika saa. Bi Mize akapuliza. Kabla sindano ya sekunde haijazunguka mara nne, majamvi yote yamekunjwa, watoto wametoka, mbuzi wametoka, uwanda mweupe mtupu. Nikasimama naustaajabia, nimeegemea baiskeli yangu. Filimbi ikalia tena, kali zaidi.

"Weye Faki! Unangoja barua? Toka kiwanjani!"

Nikatazama vidole vyangu, nikatoka.